Dada wa kazi ameungua mkono akiwa kazini kwangu, naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Niko Uyole, Mbeya. Wiki mbili zilizopita dada anayetusaidia kazi nyumbani alikuwa anaepua sufuria ya maji ya kuwaogesha watoto, alfajiri na baridi ya huku mnaijua, ikamponyoka. Ameungua mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidole. Matibabu nimelipa na mshahara naendelea kumpa, hilo halina mjadala. Kinachoninyima usingizi ni vidole viwili ambavyo bado havikunji. Ana miaka 22, na mama yake kule Tukuyu anamtegemea yeye. Vikibaki hivyo, mimi na mshahara wangu wa ualimu nitamfidia nini?

Ndipo nikafuatilia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Anayechangia ni mwajiri, asilimia 0.5 ya mshahara, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Namlipa 120,000, kwa hiyo ni shilingi 600 kwa mwezi. Mia sita! Miaka yote nilidhani ni mambo ya makampuni, sikujisajili.

Aliyewahi kumsajili msaidizi wa nyumbani, ulianzaje? Nikijisajili sasa, nikalipa malimbikizo na kutoa taarifa ya ajali hii, dada atasikilizwa? Mkataba wetu ni wa mdomo. Nataka kumwandikia sasa, ila tarehe ya uongo siweki. Nieleze ukweli kwamba alianza kazi mwaka jana, au hilo litamharibia yeye?