MREJESHO: Taa za njia ya kurukia ndege zilizokuwa zikisumbua kila mvua ikinyesha

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini mzunguko wa taa za pembeni, tuliouanza kuubadilisha kuwa LED, unazima kila mvua ikinyesha. Wengi mlisema rejuleta mpya (kifaa kinachoshikilia mkondo wa umeme wa taa usibadilike) ni mbovu. Mmoja akaniambia niiache, nichukue megga (kipimo cha uvujaji wa umeme kwenye nyaya), nigawe mzunguko nusu kwa nusu hadi nione unapovuja.

Nilimsikiliza huyo, na ashukuriwe sana. Kwa kuwa njia inafungwa kwa muda wa saa tatu tu kila usiku, ilituchukua hadi usiku wa nne kufika kwenye shimo lenye hitilafu. Kuvuta kiungio cha transfoma, maji yakatiririka, shaba imeota kijani. Fundi wetu (nami nilikuwepo, sijitoi) alikuwa amekichomeka bila kukikausha. Tumebadilisha viungio 6, mvua mbili zimepita, rejuleta inashikilia ampea 6.6 bila kutetereka.

Kilichogoma ni ushauri mwingine tuliopewa, wa kuchanganya LED na halojeni (taa za zamani) kwa muda. Kwenye ngazi ya chini ya mwanga, halojeni zinafifia na LED zinang'aa, marubani wamelalamika. Tunamalizia kuweka LED mzunguko mzima kwanza. Asanteni sana.