Tupeane uzoefu: nani ameshatengeneza skeitibodi kwa mkono wake?

Baba Kitintale: Ndugu zangu, habari za huko mliko. Naishi Kitintale, Kampala, jirani na ule uwanja wa saruji wa skeitibodi, yaani ubao wenye magurudumu manne wa kusimamia na kuteleza, uliojengwa mwaka 2006. Kijana wangu wa miaka 12 anashinda pale akingoja zamu, maana mbao ni chache na watoto ni wengi. Likizo iliyopita tukaamua tutengeneze wetu. Nikanunua ubao wa mvule huko Ndeeba, unene sentimita 2, tukaupiga randa mpaka ukang'aa. Siku ya tatu ukapasuka, ufa ukifuata matundu ya bolti. Mtoto hakuumia, ila alilia, nami iliniuma sana. Mliojaribu, tuelezeni mlivyofanya, hata yaliyoharibika.

Mwalimu wa Tororo: Pole mzee. Mvule hauna kosa. Ubao mmoja mzima nyuzi zake zote zinaelekea upande mmoja. Ukitoboa matundu kwenye mstari huo, umeshauonyesha pa kupasukia. Zile za dukani kwa kawaida ni tabaka 7 nyembamba za mti wa mepo zilizounganishwa kwa gundi, na baadhi zimelazwa nyuzi zikikata nyingine.

Hapa shuleni mepo hatuna. Tulichukua vipande vitatu vya plaiwudi ya milimita 4, tukapaka gundi ya mbao mpaka kingoni. Ili katikati pabonyee, tuliweka vijiti viwili chini, kimoja kila ukingo wa urefu. Juu, katikati, tukalaza ubao mwembamba na kupanga jerikeni tatu za lita 20 zilizojaa maji, yaani kilo 60. Mara ya kwanza wanafunzi walizitoa jioni ile ile, na asubuhi tabaka zilikuwa zimeachana. Mara ya pili tuliacha usiku kucha na mchana wake, ndipo tukakata umbo: urefu sentimita 80, upana 20. Aliyesimama juu yake kwanza ni binti wa S2 (kidato cha pili), darasa zima likipiga makofi. Siku hiyo siisahau.

Mnubi wa Arua: Sisi utotoni tulipachika beringi chakavu za pikipiki kwenye mti wa mkaratusi, basi. Kelele yake ilisikika mtaa wa pili! Lakini chuma hakishiki lami. Ukikata kona unakwenda ubavu, na goti langu lina kovu mpaka leo. Baba, usimpe mtoto kitu hicho. Tangu miaka ya 1970 magurudumu ni ya poliyurethini, aina ya plastiki, nayo yanashika. Tafuteni hata yaliyotumika.

Fundi Katwe: Nakubaliana na ndugu wa Arua. Mimi nimechomelea traki, kile chuma cha chini ya ubao kinachoshika magurudumu, mara mbili. Ekseli si tabu: beringi ya 608 tundu lake ni milimita 8, kwa hiyo fimbo ya milimita 8 inaingia. Tabu ni ule mpira wa katikati unaoiruhusu traki kulalia kona na kurudi. Nilikata wa tairi la gari, ukabonyea ukabaki hivyo hivyo. Ushauri wangu: ubao tengeneza, traki nunua hata kuukuu. Usikisie matundu, weka traki yenyewe juu ya ubao na uchore. Kwa traki nyingi, matundu yameachana sentimita 5.4 kwa urefu na 4.1 kwa upana.

Mama wa Jinja: Na pa kukanyagia? Mimi nilichuja mchanga wa ziwa kwa kichujio cha chai, nikaunyunyiza juu ya vanishi mbichi. Unashika vizuri, ingawa viatu vya canvas vinakwisha upesi. Baba, kofia ngumu anayo? Wangu hapandi bila kofia, hata akinuna.

Baba Kitintale: Asante dada, kofia tutatafuta kabla ya ubao. Jumamosi tunakwenda kununua plaiwudi, jerikeni tunazo. Mwalimu, vile vijiti vilikuwa na unene gani?

Mwalimu wa Tororo: Sentimita moja na nusu. Tulipozidisha, plaiwudi ilianza kulia.