Naomba ushauri: namtafuta askari aliyempenda mama, Masaka 1979

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu. Niko Masaka, Uganda, nimekwama.

Jeshi la Tanzania lilipoiteka Masaka Februari 1979, katika vita dhidi ya Idi Amin, mama alikuwa na miaka 19, binti wa mfanyabiashara wa kahawa mwenye malori. Akapendana na askari wa kawaida, mtoto wa mkulima wa Singida. Babu alikataa katakata: binti yake haolewi na mtu asiye na kitu, tena msema Kiswahili, ambacho nyumbani kwao kilihesabiwa lugha ya wanajeshi. Kumbe mama alijifunza Kiswahili hichohicho kwa siri ili asome barua zake! Zipo nne, amezitunza mpaka leo. Ya mwisho ilitoka Kampala, baada ya mji kutekwa tarehe 11 Aprili.

Mama sasa ni mjane, ameniomba nimtafute. Mwaka jana nilifika Singida, lakini jina ninalo moja tu, na namba yake ya jeshi imefutika nusu kwa unyevu. Wazee niliowauliza hawakumtambua.

Naomba kujua: mtu wa Uganda aanzie wapi Tanzania kumuulizia askari wa vita vile? Na tukimpata ana mke, nimfikie vipi bila kumvunjia mkewe heshima?