Naomba ushauri: nikusanye maili za ndege kwa shirika moja au niendelee na mawili?

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo, na hufuata mzigo Guangzhou, mara nyingi kwa Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa na mara nyingine kwa Emirates kupitia Dubai, kutegemea nauli na kilo wanazoruhusu. Kwa hiyo maili zangu, yaani pointi anazopewa abiria akisafiri ili baadaye azitumie kupata tiketi, zimegawanyika kati ya ShebaMiles (mpango wa Ethiopian) na Skywards (wa Emirates), na kote hazijatosha tiketi ya maana. Isitoshe, za Skywards huisha muda baada ya miaka 3.

Nafikiria kubaki na ShebaMiles pekee, kwa kuwa Ethiopian imo katika Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, pamoja na Turkish Airlines, hivyo hata nikipitia Istanbul naweza kutumia namba ileile ya uanachama. Tatizo ni kwamba tiketi za bei ya chini, ambazo ndizo sisi wachuuzi hununua, huingiza maili chache mno.

Je, waliozoea njia hii wananishauri nini? Na nikitaka kumkatia mama tiketi ya Jeddah kwa maili akafanye Umra, je, kodi na tozo ambazo bado hulipwa kwa fedha huacha nafuu yoyote, au ni heri maili hizo nipandie daraja la biashara?