Udaktari, au utafiti wa sinapsi?

Kijana wa Kizuiani:
Wakuu, shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), naishi Mbagala. Mdogo wangu ana kifafa, na kila tukirudi kliniki ndani ya daladala nawaza kichwani mwake kunatokea nini. Nataka kusomea jinsi sinapsi zinavyojengwa, pale seli mbili za neva zinapokutana na kupashana habari. Mama anataka udaktari. Nikimsikiliza, nitakuwa nimeuacha utafiti moja kwa moja?

Binti Buguruni:
Marahaba mdogo wangu. Hutakuwa umeuacha. Ben Barres wa Marekani alianza kama daktari wa neva. Kuona jinsi tiba ilivyokuwa haiwafikishi mbali wagonjwa wake kukamrudisha darasani, Harvard. Mwaka 2001 maabara yake huko Stanford ilionyesha kwamba seli za neva zikikuzwa peke yake hujenga sinapsi chache. Zikikuzwa pamoja na astrosaiti, seli nyingine za ubongo ambazo si za neva, sinapsi huongezeka kama mara 7. Astrosaiti hizo wengi walizichukulia kama gundi tu ya ubongo!

Mimi nilipita Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sasa nasoma uzamivu Ujerumani. Nampasua funza wa nzi wa matunda, mfupi kuliko punje ya mchele, namtandaza kwa pini, natia rangi, nachungulia kwenye darubini. Sinapsi zake kwenye msuli zimepangana kama shanga. Mara ya kwanza kuziona nilimpigia mama usiku ule ule. Ila ujue, kuna miezi picha hazitoki kabisa, na unarudia kila kitu tangu mwanzo. Moyo wa kurudia ndio utakaokuvusha, kuliko alama za Kemia.

Dokta wa zamu:
Kwetu udaktari ni miaka 5, halafu mwaka wa mafunzo kazini. Ni safari ndefu, lakini utakaa na wagonjwa kama mdogo wako, na maswali mazuri yanatoka kwao. Dawa zake asiziruke hata siku moja.

Kijana wa Kizuiani:
Asanteni sana. Dokta, dawa namsimamia mwenyewe. Dada, naweza kuanza na nini hapa nyumbani?

Binti Buguruni:
Weka ndizi iliyoiva sana kwenye chupa, acha mdomo wazi. Nzi wakishaingia, funika kwa kitambaa. Kwenye joto la Dar, siku kama 10 baadaye utaona kizazi kipya. Tafuta wenye macho mekundu. Dume ana ncha nyeusi ya tumbo. Andika unachokiona kila siku, kisha uje utuambie.