Naomba ushauri: punda kiongozi anaharibika upesi mno

Wadau, hili ni igizo la mafumbo la dakika 30, la kuchezwa hapa Nairobi. Punda kumi wa mikokoteni pale Gikomba wanamfurusha tajiri wao. Pipa la maji ni lita 200, kila mmoja lita 20, sawa kwa sawa. Baadaye kamati ya punda watatu inajitengea lita 30 kila mmoja, eti wao hukesha wakilinda. Saba waliobaki wanaambulia lita 15 na ushei.

Kasoro ni kwamba kiongozi anaonekana mlafi tangu onyesho la pili, basi hakuna kuharibika hapo. Mapinduzi ya Ufaransa yalianza 1789, Napoleon akajivika taji 1804: miaka 15 ya kuteleza polepole. Dawa niliyofikiria ni ufunguo wa kufuli la pipa. Kwanza unaning'inia mtini, kisha shingoni mwake "usije ukapotea", mwishowe anaulalia.

Je, sababu ya kwanza iwe ya haki kabisa, yaani mwizi wa maji aje kweli usiku? Na punda anayepinga akae ndani ya kamati au kati ya wale saba? Nikimweka nje anageuka mhubiri, na mahubiri jukwaani huchosha.