Uhasama wa kisiasa Zanzibar: je, jazba ndizo chanzo, au nazo zina chanzo chake?

Kijana wa Machomane
Assalamu alaykum. Bibi yangu aliolewa Chake Chake kabla ya Mapinduzi, na hadi leo husimulia jinsi alivyotengwa kisimani katika zama za siasa: ndoo yake ilirudishwa nyuma kila zamu yake ilipokaribia, kwa kuwa mumewe alikuwa Afro (chama cha Afro-Shirazi) na majirani wengi walikuwa Hizbu (chama cha ZNP). Ahadi za vyama vile hakumbuki hata moja, lakini wanawake walioisogeza ndoo anawataja mmoja mmoja, na majina ya baba zao. Naomba wenye kujua mnifafanulie: ni hisia zilizotugawa, au wanasiasa walitugawa kwanza, hisia zikafuata?

Mkongwe wa Baraza
Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi naanzia kwenye hesabu. Januari 1961 Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9 na ZPPP, chama cha tatu, 3, na kiti cha Chake Chake, huko huko kwa bibi yako, kiliamuliwa kwa kura moja tu. Wajumbe wa ZPPP wakagawika, wawili kwa Hizbu na mmoja kwa Afro, pande zikawa 11 kwa 11, ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi Juni, na fujo za safari hiyo zikaua watu 68. Kura moja inapoweza kuamua nani atawale, jirani haonekani tena kuwa mtu mwenye rai yake. Anaonekana ndiye aliyekunyang'anya nchi. Chuki iliota hapo.

Mtoto wa Shimoni
Shikamoo Mzee. Hesabu zako sizipingi, ila neno "jazba" lina walakini. Baada ya tarehe 27 Januari 2001, waandamanaji wa upinzani, chama cha CUF, walipopigwa risasi na watu zaidi ya 30 wakafa, sisi tulivuka bahari usiku kwa ngalawa pamoja na wengine zaidi ya 2,000 hadi Shimoni, Kenya. Tuliporudi na kuuliza habari za waliokufa, tuliambiwa tuache jazba. Aliyefiwa hana jazba, ana msiba, na ukimnyima nafasi ya kuusema, ataupeleka kwenye sanduku la kura na utamrudia kila baada ya miaka 5. (Na wanaohubiri utulivu mara nyingi ni wale ambao hawakuzika mtu.)

Bi Mwalimu
Ndugu yetu wa Shimoni amesema kweli, lakini hesabu za Mzee zina pengo. Oktoba 2010, katika kura ya urais wa Zanzibar, Dk. Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif wa CUF 49.1, tofauti ndogo kama zile za zamani, na bado usiku ule watu walilala majumbani mwao. Kilichobadilika si wingi wa kura. Amani Karume, rais wa Zanzibar wakati huo, na Maalim Seif walikutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009, kisha kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ya kuunda serikali ya umoja wa kitaifa, ikapita kwa asilimia 66.4, na kwa mujibu wa marekebisho ya katiba chama cha pili kilihakikishiwa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Kwa hiyo mimi nasema hisia iliyotuendesha zaidi ni hofu ya kufungiwa nje kabisa, na ile chuki ilikuwa kivuli chake, maana mlango ulipoachwa wazi kidogo watu walianza tena kuzikana na kualikana harusini, hata kabla hawajasameheana.

Kijana wa Machomane
Nawashukuru nyote. Bi Mwalimu, mlango huo ulifungwa tena uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, na kwenye marudio ya Machi 2016, ambayo CUF iliyasusia, niliyaona mwenyewe Pemba. Mwenye duka wa mtaani kwetu alikwenda kupiga kura, na tangu siku hiyo unga wake ulikaa mpaka ukaingia wadudu, huku majirani wakitembea robo saa kununua unga ule ule kwa bei ile ile. Nilimuuliza shangazi yangu kama anamchukia yule bwana. Alinijibu kwamba hamchukii hata kidogo, ila hawezi kuonekana akitoka pale na mfuko mkononi. Basi kwenye ile hofu yako, Bi Mwalimu, naomba uniruhusu niongeze aibu.